Kitufe Chenye A

Saa nne asubuhi, Sanawari. Trafiki kanyanyua mkono
akausahau hewani. Msafara unapita, hatujui wa nani;
Arusha mikutano huota yenyewe, kama mchicha.
Mimi na trei sitini za mayai kutoka Usa River,
mimi na Noah niliyoinunua mwezi wa tatu,
inayonisalimu kwa Kijapani kila nikiiwasha.
Nimekanyaga breki.
Injini ikanyamaza.

Si kuzimika kwa ubovu. Imenyamaza
kama mtu aliyekuwa akisimulia, akaona jeneza linapita.

Siku ya kwanza niliita vijana wanisukume.
Kabla hawajagusa bampa niliachia breki,
gari likajiwasha lenyewe. Mmoja alicheka
mpaka akakaa kwenye lami.

Kulia kwangu, juu ya Fuso la moramu, Loishiye kachungulia:
"Mama Mayai, limekufa?"
"Limepumzika."
"Barabarani? Usingizi ni ndugu wa mauti, dada.
Langu naliwasha Kisongo jogoo wa pili,
nalizima nikishavua viatu.
Injini ikilala, upepo wa breki nitaupuliza kwa mdomo?"

Kushoto, Elingaya wa teksi kazima redio ili abishane vizuri.
Ana daftari. Kila jioni anaandika
amesimama mara ngapi, matone mangapi hayakuungua.
"Wiki hii lita mbili na kitu. Kidogo, ndiyo.
Lakini kalamu za wanangu zimetoka kwenye taa nyekundu."

"Na betri?"
Ni fundi Ndekirwa, kapenya katikati yetu kwa bodaboda,
kapakata betri kama mtoto anayepelekwa kliniki.
"Gari hizo hazili betri ya kawaida.
Ikifa, mama, hutauza mayai. Utauza kuku."
Walicheka wote. Mimi nilichelewa kidogo.

Nderingo hakucheka. Watalii wake wamelala nyuma,
nyuso wamezifunika kwa kofia mpya.
"Porini, mbele ya tembo mwenye ndama,
unazima kwa hiari yako, unawasha kwa hiari yake.
Hilo nimelizoea. Lakini gari liamue badala yangu?
Sikuajiri msaidizi."

Sikusema langu.
Langu ni hili: mama yangu akipanda
nabonyeza kile kitufe chenye A iliyozungukwa na mshale,
tunanguruma mpaka Tengeru, mafuta yaungue yanavyotaka.
Safari yake ya kwanza, hapa hapa kwenye taa,
alinishika mkono uliokuwa kwenye gia, akaniambia:
"Liambie lisinyamaze hivyo.
Baba yako alinyamaza hivyo,
nami nilikuwa namkuna mgongo."

Nikiwa peke yangu sikigusi.
Nasikia mayai yakigusana kwenye trei,
nasikia muuza karanga akihesabu chenji kwa Kimeru,
na mlima, sijui kwa nini, nauona vizuri zaidi
nisipotetemeka.
Kama naokoa mafuta, sijui. Sina daftari.

Mkono wa trafiki umeshuka.
Fuso limemkoholea Elingaya moshi mweusi dirishani,
naye bado anapaza sauti, "Lita mbili na kitu!",
hakuna anayemsikia.
Naachia breki.
Nusu sekunde gari linasita,
kama mtu aliyesahau jina langu
halafu akalikumbuka.
Nyuma yangu honi tatu, na tusi moja la Kichaga lililonyooka.

Trei ya juu imeteleza.
Yaliyovunjika nitayahesabu Kilombero.